Tembe la Mheshimiwa Ghumpi

"Nilikuwa lindoni," Paskali alisema kwa mara ya tatu. "Jumapili nzima. Sikutoka."

Inspekta Rebeka Msengi aliweka kalamu mezani. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili na dirisha lisilofunga vizuri, na upepo wa Juni ulikuwa ukimwaga vumbi juu ya karatasi zake tangu asubuhi. Alikuwa na miaka hamsini na tatu, goti la kulia lilimuuma, na jalada lenyewe halikuwa lake. Alirithishwa Jumanne asubuhi na mwenzake aliyekwenda likizo. Leo ilikuwa Jumatano. Kesho saa tatu Paskali angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuiba kigoda cha kale kutoka Makumbusho ya Mheshimiwa Simeoni Ghumpi kule Unyambwa, na hapo kituoni hakuna aliyeona shida yoyote katika hilo.

"Paskali, chumba kina mlango mmoja. Kufuli halikuguswa. Dirisha hakuna. Funguo ziko mbili. Moja ni ya mkurugenzi, na Jumapili mkurugenzi alikuwa harusini Dodoma, watu mia tatu walimwona akicheza. Nyingine ilikuwa mfukoni mwako. Kigoda kilitokaje?"

"Sijui, afande."

"Na wewe hukutoka."

"Sikutoka."

"Mkeo Evodia yuko hapo nje na chupa ya uji. Ameniambia Jumapili binti yenu alipata komunyo ya kwanza. Anasema baba mtu alilia kanisani mpaka watu wakageuka."

Paskali aliinamisha kichwa. Alikuwa mlinzi wa miaka mingi, mtu mzima mwenye mabega mapana, na siku mbili za mahabusu zilikuwa zimemsinyaza.

"Misa ilianza saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Ukarudi lindoni?"

"Saa sita kasoro." Alifuta uso kwa kiganja. "Mkataba unasema mlinzi akiacha lindo, kazi hana. Nikaona bora ninyamaze."

"Mficha uchi hazai, Paskali. Umeficha utoro wa saa tatu, ukajitwisha wizi." Rebeka alikasirika, wala hakujaribu kulificha hilo. Kuanzia jana angekuwa anatafuta mtu aliyefika kati ya saa tatu na saa sita, badala ya kusoma maelezo ya uongo yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Hata hivyo ukweli wenyewe haukumsaidia mtu. Ufunguo ulikwenda kanisani mfukoni mwa Paskali na ukarudi naye. Hakimu angeuliza swali lile lile.

Gari la kituo lilikuwa limeondoka na mkubwa. Rebeka alitembea hadi nyuma ya soko, kwenye duka la Mselemu, muuza vitu vya kale, ambaye jina lake lilikuwa kwenye jalada kama mpokeaji anayeshukiwa. Mselemu alikuwa mzee nadhifu mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, na familia yake ilikuwa imefanya biashara mjini hapo tangu enzi za babu yake.

"Karibu, Inspekta. Jana walikuja vijana wako, wamepekua hadi birika la chai. Kama mmesahau kuangalia ndani ya kofia yangu, hii hapa."

"Nimechoka, mzee wangu. Nisaidie tu. Kigoda cha Ghumpi unakijua?"

"Nakijua kuliko wao. Kabla hawajafungua, mama Magreth, mkurugenzi wao, aliniita nimkadirie umri wa vile vitu. Sasa nikuambie jambo moja. Mwizi wa biashara haachi upinde na ngao ukutani akabeba kigoda ambacho mguu mmoja umeungwa kwa waya. Mtalii gani atakibeba?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo aliyekichukua alikitaka kile kile." Mselemu alichukua kipande cha gazeti, akachora juu ya ukingo mweupe: mistari mitatu na duara. "Hii iko chini ya kikalio, imechomwa kwa chuma cha moto. Nikamwuliza, mama, hii ndiyo alama ya ukoo wenu? Akasema ni urembo."

Rebeka alikichukua kile kipande cha gazeti. Baba yake kule Iramba alikuwa na alama ya namna hiyo, ameichoma kwenye kila mzinga wa nyuki ili mtu asirine asali ya mwenzake. Hakuna anayeweka urembo chini ya kigoda, mahali pasipoonekana. Aliukunja mchoro, akauweka kwenye daftari, akapanda bodaboda kwenda Unyambwa.

Magreth Ghumpi alimpokea getini akiwa amevaa suti ya kitenge. Alikuwa bintiye Mheshimiwa na mkurugenzi wa makumbusho tangu yalipofunguliwa miaka minne iliyopita. Alizungumza huku akitembea, kwa maneno yale yale anayowaambia wageni: hii ndiyo nyumba kubwa, Mheshimiwa aliijenga alipokuwa waziri mdogo, hili ndilo Landrova alilozungukia majimbo, hizi ndizo ekari arobaini za alizeti, ambazo mwenyewe alipenda kupalilia kwa mkono.

"Na hili," alisema mbele ya tembe refu lenye paa la udongo, "ndilo tembe alimozaliwa baba, mwaka elfu moja mia tisa thelathini na nane."

"Shamba mlilipataje?"

"Ni la ukoo. Babu, baba, sasa wananchi."

"Hati ni ya mwaka gani?"

"Sabini na sita. Kabla ya hapo nani alikuwa na hati, Inspekta?" Magreth alitazama saa. "Kwani mtuhumiwa si mnaye?"

"Tunaye. Nifungulie."

Ndani kulikuwa na giza na baridi. Sakafu ilikuwa ya saruji, wameiweka kwa ajili ya viatu vya wageni. Upinde ulikuwepo, ngao ilikuwepo, vibuyu vilikuwepo. Katikati palikuwa na jukwaa la matofali lililofika gotini, na karatasi iliyoandikwa "Kigoda cha Baba Mzazi wa Mheshimiwa." Polisi waliagiza Jumatatu kwamba pasifagiliwe, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake Rebeka alikuta agizo limefuatwa.

Kwa hiyo uchafu ulikuwa bado upo. Juu ya jukwaa, na pembeni yake kidogo, kulikuwa na udongo uliovunjikavunjika na nyasi chache. Sehemu nyingine ya chumba ilikuwa safi.

Rebeka aliinua macho. Boriti na fito za dari zilikuwa nyeusi kwa moshi wa miaka na miaka. Lakini juu ya jukwaa fito tatu zilikuwa zimekatika, na pale zilipokatika mti ulikuwa mweupe. Nyasi zilizosokotwa juu yake zilikuwa bado za njano.

"Vijana wangu waliangalia mlango," alisema.

"Waliangalia sana," alijibu Magreth.

"Hakuna aliyeinua kichwa."

Nyuma ya tembe ardhi ilikuwa imepanda, paa likawa karibu kugusa chini. Hata mbuzi angepanda bila kufikiri. Rebeka alipanda akifikiri sana, kwa sababu ya goti. Akakuta kiraka cha ukubwa wa ungo, udongo uliochanganywa na samadi na majivu, umekauka kwa upepo. Juu yake vidole vilikuwa vimepita kwa nusu duara, nusu duara, kama wanawake wanavyokandika. Pembeni palikuwa na mikwaruzo miwili ya mti mrefu.

"Paa mnalikarabati lini?" aliuliza kutoka juu.

"Novemba, kabla ya mvua. Fundi anatoka mjini."

"Anatumia mikono?"

"Mwiko. Kwa nini?"

Rebeka alikaa pale pale juu ya paa, kwa sababu kushuka kulihitaji nguvu nyingine. Jinsi ilivyofanyika haikuwa ngumu tena. Mtu alichimbua udongo, akavunja fito tatu, akateremsha ngoe, ule mti wenye ndoano ambao warina asali hupandishia mizinga, akanasa kigoda na kukivuta. Hakuingia ndani. Hakuhitaji ufunguo. Kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye subira.

Kilichomshinda Rebeka ni kiraka. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa ameona kuta zilizotobolewa, mabati yaliyong'olewa, milango iliyobebwa pamoja na fremu. Hajawahi kuona mwizi aliyerudisha nyumba ya watu ilivyokuwa. Angeliacha lile tundu wazi, hata konstebo wa wiki moja angeona jua linaingia, na Paskali angelala kwake siku ile ile. Aliyeziba tundu ndiye aliyemfunga Paskali.

Na kwa nini mtu azibe? Rebeka alikumbuka alivyokuwa akisimulia mama yake. Wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini, mwaka sabini na nne, migambo walifumua mapaa ili wenyewe wasirudi. Tembe lililo wazi juu lilikuwa ni mahame, nyumba iliyokufa. Mtu aliyeona hayo kwa macho yake asingeweza kuacha paa wazi akaenda zake, hata kama amekuja kuiba. Basi Rebeka alikuwa anatafuta mwanamke, mwenye zaidi ya miaka sitini, mzaliwa wa hapa.

Akashuka kwa makalio bila aibu.

"Niletee kitabu cha wageni."

Kitabu kilikuwa na majina ya wanafunzi, mapadri, madiwani na Wazungu wawili. Lakini kila Jumamosi tangu mwishoni mwa Aprili, siku ambayo wenyeji huingia bure, kulikuwa na alama ile ile ya dole gumba, na jina lililoandikwa kwa mwandiko wa Paskali: Yunisi Mwanja, Unyambwa. Kwenye nafasi ya maoni, mara zote saba: "Hakuna."

"Ni nani huyu?"

"Bibi mmoja hapo ng'ambo ya alizeti. Nyumba kubwa hata haitazami. Anakaa humo kwenye tembe tu, anaangalia juu. Tulidhani ni uzee."

Rebeka alivuka shamba lililovunwa, mabua yakimchoma miguu. Mbele ya kijumba cha bati kulikuwa na mzinga wa zamani umelazwa chini ya upenu, kuku amelalia mayai ndani yake. Kwenye ubavu wa mzinga kulikuwa na mistari mitatu na duara. Hakuhitaji kutoa mchoro wa Mselemu. Kigoda chenyewe kilikuwa uani, juani, kila mpita njia angekiona, na mwanamke mwembamba mwenye mvi alikuwa ameketi kando yake kwenye mkeka akipepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Ulikuwa unaningoja?"

"Jana nilikuja kituoni kwenu. Nikamwambia kijana wa kaunta, kigoda ninacho mimi, mwachieni yule baba wa watu. Akasema nilete barua ya mtendaji na mjumbe anitambulishe. Mtendaji yuko semina. Nikakaa pale benchi mpaka saa kumi. Wewe ulinipita mara mbili na faili lako."

Rebeka aliona aibu. Alikumbuka kitenge cha kijani kwenye benchi, na alikumbuka kwamba aliharakisha ili asiulizwe kitu.

"Nisamehe, mama."

"Kaa kwanza. Umechoka."

Akakaa kwenye mkeka. Hakuna aliyekaa kwenye kigoda.

"Paa uliziba kwa nini?"

Yunisi alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini amefunika chungu. "Nyumba ya baba yangu, niiache inaangalia mbingu?"

"Ya baba yako."

"Mwanja. Kigoda alikichonga mwenyewe, na alama ni yake, hata mizinga ilikuwa nayo. Nilikuwa na miaka kumi na mitano walipokuja na malori. Nyumba za wenzetu walizifumua juu. Ya kwetu mkubwa wa operesheni akasema iachwe, ni imara, itafaa kwa stoo. Mkubwa mwenyewe ndiye Simeoni. Mtu wa Mgori yule, alizaliwa huko, wazee wote wanajua. Stoo ikawa shamba, shamba likawa lake. Baba hakuomba nyumba. Alirudi kuomba kigoda. Akaambiwa njoo wiki ijayo. Alikwenda wiki ijayo miaka sita, mpaka akafa."

"Mbona umengoja mpaka leo?"

"Alikuwepo kaka. Kaka alisema tusigombane na wakubwa. Amefariki Aprili. Jumamosi hii wazee wanamkalisha mwanawe Elisha awe mkubwa wa nyumba yetu. Watamkalisha kwenye nini? Kiti cha plastiki?" Akaacha kupepeta. "Niliwaza nivunje, nichukue, nizibe, basi. Chetu kirudi na nyumba ibaki nzima. Jumatatu nikasikia wamemkamata yule baba anayeniandikia jina. Mwanangu, sikujua kwamba kuziba ndiko kutamfunga." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kona ya kitenge, akaamka kutafuta viatu.

Walifika kituoni saa tisa, kigoda kimefungwa nyuma ya bodaboda ya pili. Magreth Ghumpi alikuwa amewatangulia. Alikitazama kigoda, akamtazama Yunisi, na Rebeka aliona wazi kwamba hakuna haja ya kumweleza huyu mama ni nani. Magreth alijua, au alijua vya kutosha.

"Inspekta, tumalize kiutu uzima," alisema kwa upole. "Nafuta malalamiko. Paskali aende kwake, na kazini nampokea. Bibi yetu naye aende kwake. Kigoda kirudi mahali pake. Hakuna haja ya kuandika lolote."

Rebeka aliupenda mpango huo. Asingedanganya nafsi yake. Mstari mmoja tu, mlalamikaji hana nia ya kuendelea, halafu nyumbani, maji ya moto, goti juu ya stuli. Lakini mwenye kuamua alikuwa ameketi kwenye benchi, na jana hakumsikiliza.

"Mama Yunisi, nisikilize vizuri. Ukikubali hivyo alivyosema, unaondoka sasa hivi, na Paskali anaondoka. Ukitaka niandike maelezo yako, Paskali anaondoka vile vile. Ila kesho saa tatu kizimbani utasimama wewe. Na kigoda kitakuwa kielelezo, kitafungiwa stoo yetu mpaka kesi iishe. Jumamosi Elisha hatakikalia."

Yunisi alifikiri. Koplo wa kaunta, yule yule wa barua ya mtendaji, alijifanya anatafuta kitu kwenye droo.

"Nisipoandikwa, kigoda kinarudi kule?"

"Kinarudi kule."

"Na hayo maandishi yanakaa wapi?"

"Mahakamani. Hayatupwi."

"Andika."

"Mama, unaweza kufungwa."

"Nimesikia. Andika."

Rebeka alitoa fomu ya maelezo ya onyo. Akamwambia kwamba halazimiki kusema neno lolote isipokuwa kwa hiari yake, na kwamba atakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika kama ushahidi. Yunisi akasema ameelewa. Jina, Yunisi Mwanja. Umri, sitini na sita. Kazi, mkulima.

"Mahali pa kuzaliwa?"

Kwa kawaida Rebeka huandika "Singida" bila hata kuuliza. Safari hii kalamu ilingoja.

"Andika nimezaliwa Unyambwa, ndani ya lile tembe, chumba kile kile nilichotoboa. Nyumba ya baba yangu Mwanja, aliyeijenga kwa mikono yake."

"Hiyo haihusiani na kosa," Magreth alisema, na safari hii upole haukuwepo.

"Kipengele kimo kwenye fomu, mama. Siwezi kukiacha wazi."

Akaandika. Halafu akaandika mengine yote: ngoe, fito tatu, udongo, samadi, majivu. Karatasi zilifika nne. Kaunta walikuwa wanamrudishia Paskali mkanda na viatu. Evodia alisimama kando yake amekumbatia chupa ya uji, wala hawakuondoka.

Sheria inataka mtoa maelezo asiyejua kusoma asomewe kabla ya kuweka dole. Rebeka akasoma taratibu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yunisi alisikiliza amefumba macho. Kidau cha wino kilipofunguliwa, hakuinua mkono.

"Kuna palipokosewa, mama?"

"Hapana. Rudia pale nilipozaliwa."

Rebeka akarudia.

"Mwaka sabini na nne hadi leo hakuna serikali iliyoandika hivyo," alisema Yunisi. "Soma tena, mwanangu. Kwa sauti."

Rebeka Msengi akasimama kwa goti lake bovu, akasoma tena, kwa sauti ambayo hata mahabusu waliisikia.